Breki ya Mbele Unaifikia?

Nianze kwa kukiri jambo ambalo mwanamume wa umri wangu hapendi kulisema hadharani: nina mikono midogo. Midogo hasa. Ukinipa mkono gizani unaweza kudhani umesalimiana na mwanafunzi wa darasa la saba. Juzi nilichukua rula ya pale ofisini nikajipima, kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, nikapata sentimita 16 na nusu. Jeshi la Marekani lilipopima askari wake mwaka 1988, wastani ulikuwa karibu sentimita 19.4 kwa wanaume na 18 kwa wanawake. Hesabu mnaijua wenyewe. Ningekuwa kwenye jeshi lile, glovu zangu wangezitafutia stoo ya watoto.

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la utani tu. Utani ukaisha siku niliponunua pikipiki.

Ripota wa Dar asiye na usafiri wake ni mtumwa wa foleni. Mkutano na waandishi uko Posta saa nne, ajali imetokea Kimara saa sita, na mhariri anataka stori mezani saa tisa. Nikajikusanya, nikapata Boxer iliyotumika. Ila kwanza nikaenda kujifunza, maana nilitaka leseni ya daraja A kihalali, si ile ya kuletewa kwenye bahasha. Mwalimu wangu (jina lake na la chuo chake nayahifadhi) alikuwa mtu wa miraba minne, viganja kama koleo. Pikipiki ya mazoezi ilipangwa kwa mikono yake. Mimi nikivuta klachi, ncha za vidole tu ndizo zinazofika kwenye kile chuma, wenzo kwa lugha ya darasani. Nikiachia, pikipiki inaruka kama mbuzi kisha inazima. Kila ikizima anapiga kelele: "Kijana, kaza mkono! Unashika klachi kama umeshika yai!" Wenzangu wanakufa kwa kicheko.

Nikajifunza mbinu mbili za kuishi. Ya kwanza, kuvuta klachi kwa kusogeza kiganja kizima mbele, yaani kuuachia usukani kidogo kila ninapobadilisha gia. Ya pili, kuisahau breki ya mbele. Kidole changu kilikuwa hakiifikii bila kulegeza mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta, kwa hiyo nikawa nasimama kwa mguu tu. Mwalimu hakuliona hilo. Kwenye kiwanja cha mpira, gia ya pili, mtu asiyegusa breki ya mbele hana kosa lolote linaloonekana. Nikafaulu.

Kosa lilionekana Barabara ya Mandela, nikiwa nimetoka Buguruni. Daladala iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla kumchukua abiria mahali ambapo hakuna kituo. Ndiyo, konda ana dhambi yake, lakini daladala kusimama ghafla Dar es Salaam si ajabu ya kuandikia gazeti. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Tairi la nyuma likafunga, likaanza kuserereka upande, nami nikamalizia safari kwenye bampa. Mwendo ulikuwa umepungua, kwa hiyo niliondoka na goti lililochubuka, taa iliyopasuka na matusi ya abiria. Kovu bado lipo.

Usiku ule sikuwaza kuhusu konda. Niliwaza kuhusu mkono wangu wa kulia, ambao muda wote ule ulikuwa umeng'ang'ania mpira wa usukani kama vile hauna kazi nyingine duniani.

Naomba turudi kidogo kwenye fizikia ya sekondari. Chombo kinapopunguza mwendo ghafla, uzito unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi, na tairi jepesi halishiki kitu, linafunga na kuteleza. Ndiyo maana kwenye lami kavu kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki inafanywa na breki ya mbele. Ukiwa kilometa 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde. Nusu sekunde ya kutapatapa kuutafuta wenzo kwa vidole ni mita 7, zaidi ya urefu wa gari dogo, kabla hata breki haijaanza kufanya kazi.

Sasa nenda kijiwe chochote cha bodaboda uulize kuhusu breki ya mbele. Nimeshafanya hivyo, Sinza, Mwenge na Mbagala, na jibu linalorudi mara nyingi ni lilelile: breki ya mbele inaua, inakupindua. Nilikuwa nawacheka, nikidhani ni imani tu kama zile za paka mweusi. Siwacheki tena. Mtu anayeifikia breki kwa ncha za vidole hawezi kuiminya taratibu. Hana pa kupimia nguvu. Ama haigusi kabisa, ama anaidaka yote kwa mpigo, na ukiidaka kwa mpigo juu ya mchanga au usukani ukiwa umekata kona, kweli utaanguka. Akianguka mara moja anaapa kutoigusa tena, anamfundisha na mdogo wake hivyohivyo. Nina hakika sehemu ya woga huu ilianzia kwenye sentimita mbili za umbali kati ya kidole na chuma, na hakuna aliyewahi kuzipima.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa chini ya mwarobaini, mtu mzima, mikono imejaa oili. Nilimpelekea taa iliyopasuka. Akaniangalia ninavyopanda, akauliza, "Baba, hii breki ya mbele unaifikia?" Katika miezi yote ile ya kujifunza, kutahiniwa na kununua, hilo lilikuwa swali la kwanza la aina yake. Nikamwambia ukweli. Akachukua spana namba 10.

Alichofanya nitakieleza, maana yeyote anaweza kukifanya au kumwagiza fundi wake. Alilegeza bolti zinazoshikilia vishikizo vya klachi na breki kwenye usukani, akaniambia nikae kama ninavyoendesha, ninyooshe vidole. Akavizungusha mpaka mkono, kifundo na vidole vikawa kwenye mstari mmoja. Mwanzoni vilikuwa vimeinuliwa juu mno, kifundo kikikunjika, na kifundo kikikunjika vidole vinakuwa vifupi zaidi. Halafu akavisogeza ndani kidogo, kuelekea katikati ya usukani, ili vidole vyangu viwili vishike karibu na ncha ya wenzo. Hapo ndipo nilipokumbuka somo la wenzo: ukivuta mbali na egemeo unatumia nguvu kidogo. Kioo cha pembeni kinazunguka pamoja na kishikizo, kwa hiyo ukimaliza kirekebishe nacho.

Kisha waya wa klachi. Wa kwangu ulikuwa umekazwa mno, klachi inashika mwishoni kabisa, vidole vikiwa vimenyooka na havina nguvu. Kuulegeza hakusogezi wenzo wenyewe karibu, ila kunasogeza karibu pale klachi inapoanza kushika, ambapo ngumi imeshajikunja na ina nguvu. Lakini kuna mpaka. Vitabu vya pikipiki nyingi za Honda vinataka wenzo ucheze bure milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta. Ukizidisha, klachi haiachii yote na gia zinasaga. Ukikaza mpaka pasibaki kitu, klachi inateleza na kuungua. Mwenye mkono mdogo akae upande wa juu wa kipimo, asitoke nje yake. Halafu fundi akauchomoa waya, akautazama, akautupa. Ulikuwa umeanza kukatika nyuzi na kuota kutu. Waya mpya uliotiwa oili na kupitishwa bila kona kali ulifanya klachi iwe laini hadi nikadhani haijafungwa. Bei yake ni ya chipsi kuku.

Tulimaliza na mipira ya usukani. Aliyeniuzia alikuwa ameweka ile minene yenye sponji, ya kukaa vizuri mkononi, yaani mkononi mwake. Bomba la usukani lina milimita 22 tu, na kila milimita unayoongeza juu yake unaikata kwenye urefu wa vidole vyako. Tukarudisha mipira myembamba ya kawaida.

Hapo hapo nitoe onyo. Kuna mafundi watakaokuambia wataupasha moto wenzo waukunje uje karibu. Kataa. Wenzo nyingi ni alumini ya kusubu, zinapata ufa usioonekana, na zitavunjika siku unayozihitaji kuliko siku zote. Kama breki yako ni ya diski, usimruhusu mtu achezee pale wenzo unapoisukuma pistoni ya pampu. Lazima ibaki nafasi ndogo. Ikizibwa, mafuta ya breki hayarudi, breki inajishika yenyewe, inapata moto, na inaweza kulifunga tairi ukiwa mwendoni. Zipo wenzo fupi, na zipo zenye kirekebishio cha kuzisogeza karibu. Pikipiki kubwa nyingi zinakuja nazo tangu kiwandani. Nunua inayolingana na pikipiki yako, siyo inayofanana nayo.

Kilichobaki ni namna ya kuendesha, na hapa kazi ilikuwa yangu. Nimejifunza kuushika mpira kimshazari, kama unavyoshika bisibisi, badala ya kuukamata kama mpini wa jembe. Unapoanza na kifundo kikiwa chini, ukivuta mafuta bado vidole vina safari ya kufika kwenye breki. Vidole viwili vinakaa juu ya breki kila ninapoingia palipo na watu, viwili vinabaki na usukani. Kwenye taa naweka niutro, sishikilii klachi dakika tatu nikisubiri trafiki amalize kuongea na simu. Na kuminya breki nilikufanyia mazoezi kama mtoto anayejifunza kuandika, asubuhi, barabara tupu, kilometa 20, kisha 30: gusa, subiri pua ya pikipiki iiname, ndipo uongeze.

Najua kuna mtu anasema, mbona vijana wenye mikono midogo wako kibao barabarani na wanaendesha? Ni kweli. Mimi pia nilikuwa naendesha. Swali ni wanasimamaje.

Ugomvi wangu uko kwa wanaofundisha na wanaouza. Mtu akinunua viatu, muuzaji anamuuliza namba. Akinunua pikipiki anaulizwa rangi. Kwenye chuo unafundishwa alama zote za barabarani, hata ile ya wanyama pori ambayo utaiona ukipita Mikumi, lakini dakika kumi za kumpangia mwanafunzi klachi na breki hazipo kwenye ratiba. Anayeshindwa anaambiwa hana kipaji, na kama ni mwanamke anaambiwa pikipiki ya gia si ya wanawake. Wengine wanaondoka moja kwa moja. Wengine wanapasi kama nilivyopasi mimi, ambalo ni baya zaidi.

Na siyo kwamba dunia haijui kuunda chombo kwa kufuata mkono wa mtu. Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub haina kabisa wenzo wa klachi, ili anayepeleka tambi za soba mjini aiendeshe kwa mkono mmoja, mwingine umebeba trei. Ilipofika 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Waliuangalia kwanza mkono na kazi yake, chuma kikafuata. Pikipiki za umeme zinazoingia mjini nazo nyingi hazina klachi, na pengine mjadala wa klachi utazikwa na betri. Wa breki utabaki palepale.

Mwezi uliopita dada mmoja wa dawati la biashara aliniambia anatafuta skuta kwa sababu chuoni walimwambia gia hataziweza. Skuta si mbaya, ila yeye alikuwa anaitaka Boxer. Jumapili asubuhi tukakutana viwanja vya Biafra, Kinondoni, nikiwa na pikipiki yangu na spana namba 10. Vidole vyake vilikuwa vifupi kuliko vyangu, jambo ambalo, Mungu anisamehe, lilinifurahisha. Tukalegeza, tukazungusha, tukasogeza. Akazima mara mbili. Halafu akaondoka taratibu, mizunguko sita, kila akifika kwenye mti anasimama kwa breki zote mbili bila tairi kulia. Mzunguko wa saba pikipiki ikazima tena akanitazama kwa wasiwasi. Safari hiyo mafuta yalikuwa yameisha, na hilo kosa lilikuwa langu.