Kila Mtaalamu wa Kompyuta na Mwanagenzi Wake



Matangazo ya kazi za kompyuta Dar es Salaam yanafanana: shahada, pamoja na uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Kijana aliyemaliza chuo juzi atautoa wapi uzoefu huo, ikiwa kila ofisi inamtaka aje ameshafundishwa na ofisi nyingine? Mzigo huu tumemtwisha peke yake, na si haki.

Nyenzo za kujifunzia zipo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Lugha ya programu ya Python na mfumo endeshi wa Linux hupatikana bure, na masomo yake yamejaa mtandaoni. Kinachokosekana ni kazi halisi ya kuanzia, na mtu wa kumwonyesha kijana alipokosea.

Tumeshaona kwamba kazi kama hiyo inaweza kupatikana. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kata za jiji zinazokumbwa na mafuriko. Wakishirikiana na wakazi, walichora mitaro, njia na majengo katika OpenStreetMap, ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa aina hiyo akiulizwa uzoefu wake, anafungua ramani tu.

Kwa hiyo ninaomba haya.

Mlioko kazini, waandishi wa programu na wataalamu wa mitandao, kila mmoja wenu achukue kijana mmoja. Saa mbili kwa wiki zinatosha kuipitia kazi yake mstari kwa mstari. Gereji zetu zimezalisha mafundi hivyo hivyo: leo kijana anampa fundi spana, kesho anafungua injini, fundi akiwa pembeni.

Wenye maduka na viongozi wa saccos, bado mna madaftari yanayosubiri kuingizwa kwenye kompyuta. Mpeni kijana kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, mlipeni, kisha mwandikieni barua ya kuthibitisha aliyoyafanya. Kujifunza kusiwe kisingizio cha kumtumikisha bure.

Kamati za shule, chumba cha kompyuta kisifungwe wanafunzi wanapotoka. Kibaki wazi hadi jioni kikiwa na msimamizi, nasi wazazi tuchangie umeme.

Nanyi vijana, msirundike vyeti. Shikeni ujuzi mmoja kwa miezi sita, mtengeneze kitu ambacho jirani atakitumia kweli, na muiweke kazi yenu mahali watu waione. Anayechoka na kuandika programu ajue kuna kuzijaribu, kulinda mitandao, na kuwaelekeza watumiaji kwa Kiswahili safi.

Mkutano ujao wa mtaa, tuliweke jambo hili kwenye ajenda: nani ana ujuzi, nani ana kompyuta ya ziada, nani ana kazi ya kutoa. Majina yaandikwe papo hapo, na kila kijana aondoke akijua ataripoti kwa nani Jumatatu.