Difu ya LSD isiwe tiba ya kwanza ya gari linalokwama

Kila masika, kati ya Machi na Mei, wafanyabiashara wanaosomba nyanya, kabichi na viazi kutoka vijiji vya milimani wilayani Lushoto hukumbana na tatizo lile lile. Barabara ya kuteremkia Mombo ina lami, lakini ili kuifikia kutoka shambani ni lazima kupita kwenye udongo unaoteleza. Gari likifika kwenye mwinuko, tairi moja ya mbele inazunguka bure, ya pili inasimama kimya, na nyanya zinaendelea kuiva ndani ya matenga.

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya mafundi wamekuwa wakiwashauri wenye magari kubadilisha difu na kuweka ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, maarufu kama LSD. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kushauri difu iliyopo ichomelewe. Ushauri wa kwanza unawafaa wachache. Wa pili haumfai mtu yeyote.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kwanza ikafahamika difu inafanya kazi gani. Gari linapokata kona, tairi ya nje husafiri umbali mrefu kuliko ya ndani. Difu huruhusu tofauti hiyo, lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi iliyo kwenye tope ikiweza kupokea nguvu ya kilo 20 tu kabla ya kuteleza, ile iliyo kwenye ardhi kavu nayo itapata kilo 20, hata kama ingeweza kubeba 100. Jumla ni 40, na gari halitoki.

LSD hubadilisha mgawanyo huo. Ikiwa ina uwezo wa kupeleka mara tatu upande wenye mshiko, tairi ya tope itabaki na 20 na ya pili itapata 60. Jumla inakuwa 80. Hata hivyo, hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake: tairi zote mbili za mbele zikiwa kwenye tope, au uzito ukiwa umekimbilia nyuma, LSD haina cha kuzidisha.

Hoja hiyo ya uzito ndiyo inayosahaulika zaidi. Magari mengi ya wafanyabiashara wadogo siku hizi yanavutwa na tairi za mbele. Toyota IST na Probox, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2002, ziko hivyo isipokuwa zile zinazovuta kwa tairi zote nne. Noah za awali zilivutwa na tairi za nyuma, lakini toleo lililotoka mwaka 2001 lilihamia mbele. Dereva aliyezoea Noah ya zamani hupakia matenga mlangoni kabisa nyuma, jambo lililokuwa likimsaidia kupanda mlima. Kwenye gari la kuvuta mbele, mzigo huo huo hunyanyua pua ya gari na kuzipunguzia mshiko tairi zinazofanya kazi. Mlima nao huongeza uzito nyuma. Hakuna difu inayotibu upakiaji mbaya.

Kwa mantiki hiyo, uamuzi wa kununua LSD ni uamuzi wa kiuchumi kabla haujawa wa kiufundi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila safari inayokwama humgharimu mfanyabiashara Sh60,000 kwa vijana wa kusukuma, nyanya zilizopondeka na soko lililompita. Akikwama mara 10 kwa masika, hasara ni Sh600,000. Tuseme LSD, pamoja na kushusha giaboksi, sili, beringi na oili, inafika Sh2,400,000. Hata ikimaliza tatizo lote, fedha hiyo itarudi baada ya miaka minne. Ikimaliza nusu tu, ni miaka minane, na gari lenyewe huenda likawa limechoka. Tairi nne zenye meno mazuri za Sh600,000 zikipunguza nusu ya kukwama, gharama yake inarudi kwa miaka miwili, na tairi ni kitu ambacho angelazimika kununua kwa vyovyote. Kila mmoja aweke tarakimu zake halisi katika hesabu hii kabla ya kutoa fedha.

Mpangilio sahihi wa matumizi basi ni huu. Kwanza, tairi kipara ziondolewe. Pili, mzigo mzito upangwe karibu na viti vya mbele na usizidi uwezo ulioandikwa na kiwanda. Tatu, upepo upunguzwe kidogo kabla ya kuingia kwenye tope na kujazwa tena kabla ya kurudi kwenye lami. Nne, kwenye mwinuko mfupi, na mtu akiwa anaongoza, gari linaweza kupandishwa kinyumenyume ili tairi zinazovuta ziwe upande wa chini unaobeba uzito. Baada ya hayo yote kushindwa, ndipo LSD izungumzwe.

Anayeamua kununua azingatie aina. Ipo ya pleti, inayokamata kwa msuguano. Hii ina nguvu, lakini huvuta usukani, pleti zake huisha na huhitaji oili maalumu. Ipo inayotumia kimiminika kizito cha silikoni, ambacho hupoteza nguvu kwa joto na umri, hivyo kuinunua ikiwa mtumba ni kamari. Ya tatu ni ya gia, kama zilizofungwa kiwandani kwenye Honda Civic Type R na Integra Type R za miaka ya 1990. Haina pleti za kuisha, hutumia oili ya kawaida ya giaboksi na haisumbui sana usukani. Kwa gari la biashara linalovutwa na tairi za mbele, ya gia ndiyo yenye unafuu wa muda mrefu.

Lakini kuna kikwazo. Kwenye magari haya difu imo ndani ya giaboksi. LSD ni lazima ilingane na giaboksi husika, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya giaboksi za manyuo. Nyingi za Noah na IST zilizoko barabarani ni za otomatiki, ambazo difu yake mara nyingi huogelea katika oili moja na giaboksi. Kuweka humo LSD ya pleti ni kuhatarisha giaboksi nzima. Mwenye gari la otomatiki aambiwe ukweli huo kabla ya kulipa, si baada ya giaboksi kufunguliwa.

Kwa wale ambao tayari wanayo, matatizo mengi hutambulika kwa sauti na tabia. Mngurumo na mtikisiko wakati wa kukata kona kali polepole, kwa LSD ya pleti, mara nyingi ni oili isiyo sahihi au iliyochakaa. Ibadilishwe kwanza kabla ya kufungua chochote. Ikiwa imekaa kimya na tairi moja imeanza tena kuzunguka bure, pleti zimeisha. Mlio wa ta-ta-ta kwenye kona kwa kawaida si wa difu bali ni wa jointi ya shafti. Raba iliyochanika na grisi iliyorukia ndani ya rimu ni ushahidi wa kutosha. Usukani ukivuta upande mmoja, kwanza ulinganishwe ukubwa na upepo wa tairi za mbele, kwani tairi zisizolingana huifanya LSD ifanye kazi saa zote.

Ikiwa LSD ya gia inashindwa tairi moja inapokuwa hewani, hiyo si lazima iwe mbovu. Mara tatu ya sifuri ni sifuri. Dereva akanyage breki ya mguu kidogo huku akiendelea na mafuta, ili tairi iliyo hewani ipate upinzani. Breki ya mkono haisaidii hapa, kwa kuwa kwa kawaida hukamata tairi za nyuma.

Wanunuzi wa spea za mtumba wajihadhari pia na kipimo cha kuzungusha tairi kwa mkono gari likiwa juu ya jeki. LSD ya gia inaweza kuonekana sawa na difu ya kawaida, yaani tairi ya pili ikazunguka kinyume, ingawa ni nzima. Kipimo hicho kifanyike injini ikiwa imezimwa, gia ikiwa huru na tairi za nyuma zikiwa zimewekewa kizuizi. Kuingiza gia huku tairi moja ikiwa chini kunaweza kulirusha gari la LSD kutoka kwenye jeki.

Kuhusu kuchomelea difu, hakuna mjadala. Tairi mbili za mbele zikilazimishwa kuzunguka sawa, usukani unakuwa mzito, tairi zinalika na jointi za shafti zinakatika. Gari la namna hiyo likiwa na mzigo kwenye kona za mteremko wa Mombo ni hatari kwa kila aliye barabarani.

Mwisho, mara nyingi magari hukwama mahali pale pale, kwenye mita chache zinazojulikana na kijiji kizima. Wafanyabiashara 20 wakichangia Sh60,000 kila mmoja, gharama ya safari moja iliyokwama katika mfano wa hapo juu, wanapata Sh1,200,000 za mawe, changarawe na mtaro wa maji. Wakikubaliana na serikali ya kijiji na wenye dhamana ya barabara hiyo, nusu ya bei ya LSD moja katika mfano huo itakuwa imewasaidia wote 20, pamoja na mkulima asiye na gari.