Kumfukuza Bibi Si Kurahisisha Maisha

Siku hizi mama Mkristo akisema amechoka, shauri analopewa ni moja: punguza watu nyumbani. Baki na mumeo na wanao, ndugu waje kwa taarifa. Shauri hili limerudiwa mno kwenye mafundisho ya ndoa, hata watu wanadhani limetoka kwenye Biblia. Nasema ni shauri baya, na wa kwanza kuumia ni mama yuleyule linalodai kumsaidia.

Twende Mununga, kaskazini mwa Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Dagaa wa ziwa hilo, chisense, huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi ikirudi alfajiri, kazi inahamia mikononi mwa wanawake: kununua, kuanika, kugeuza, kuwinga ndege, na kuwahi kuanua wingu likitanda, kwa sababu chisense akilowa ameharibika na mtaji umekwenda. Saa hiyohiyo muhogo uliolowekwa tangu juzi unangoja kutolewa majini na kuanikwa. Maji hayajatekwa. Kuni hazijafika. Mtoto wa mwaka mmoja analia. Mwambie mama huyo arahisishe maisha kwa kumrudisha mama yake mzazi kijijini. Nani atambeba mtoto? Nani atatazama anga?

Fikra hii ya kubaki na mume na watoto tu si ngeni huko. Karla Poewe, mtafiti aliyefanya kazi Luapula, mkoa ilipo Mununga, miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1981, aliwakuta Wasabato na Mashahidi wa Yehova wakijenga familia ya mume, mke na watoto, na kuchomoa mali yao mikononi mwa ukoo wa mama, ambao huko ndio unaoamua mtu ni wa nani. Walikuwa na sababu, nami siidharau. Mume akifa, ndugu zake waliweza kuja kubeba nyavu, mtumbwi na baiskeli, mjane akabaki na watoto na sufuria. Hiyo ni dhuluma. Lakini dhuluma hiyo ina dawa yake. Tangu mwaka 1989 sheria ya Zambia kuhusu mirathi ya aliyekufa bila wosia inawapa watoto asilimia 50, mwenzi aliyebaki 20, wazazi wa marehemu 20, na wategemezi wengine 10. Tazama vizuri mafungu hayo. Sheria ilimlinda mjane bila kuwafuta wazee. Kanisa linalompenda mama lingemfundisha sheria hiyo na kusimama naye siku ya kikao cha ukoo, badala ya kumwambia amuogope shangazi yake.

Na tukirudi kwenye Biblia yenyewe, someni Luka sura ya 2. Wahubiri hukimbilia hekaluni, kwa kijana wa miaka 12 aliyekaa kati ya walimu. Mimi hubaki njiani. Mariamu na Yusufu walitembea mwendo wa kutwa kutoka Yerusalemu bila kumwona mtoto, wakidhani yumo msafarani pamoja na jamaa na rafiki. Mama anayelea peke yake hawezi kutembea kutwa namna hiyo. Mariamu aliweza kwa kuwa mwanawe alikuwa na macho mengi ya kumtazama. Paulo naye, akieleza imani ya Timotheo ilikotoka, anamtaja bibi Loisi kwanza, kisha mama Eunike. Hata yule mwanamke wa Mithali 31, ambaye wake zetu huaibishwa naye kila Siku ya Akina Mama, ana wasaidizi wa kike. Wametajwa mstari wa 15. Hakuna mahali alipofanya yote peke yake.

Kinachomchosha mama wa Mununga si bibi aliyekaa kivulini na mjukuu mgongoni. Ni ndoo, kinu, kuni. Ni mkutano wa katikati ya wiki, sare mpya ya chama, mchango juu ya mchango, na kumpikia mgeni wa kanisa huku chisense wake wakilala nje. Na ni mtoto wa kiume wa miaka 14 ambaye hajawahi kuambiwa kwamba maji hutekwa hata na wavulana. Hayo ndiyo ya kupunguza, na hakuna hata moja linalodai kumfukuza mtu.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi katika Mweru ili samaki wazaane. Nyavu hupumzika miezi mitatu, na mvuvi hushinda nyumbani. Mama hana msimu wa kufungiwa. Ndiyo kwanza mvua inanyesha na shamba linamwita. Wachungaji wa ufuko ule, nawaomba jambo moja. Jumapili ya kwanza ya Desemba, waacheni wanawake wapumzike masikio. Wahubirieni wanaume, na mkimaliza, watangulieni kisimani.