BOMBA HALISAFISHI POMBE



Juzi ndugu mmoja alinionyesha picha kwa simu. "Pasta, hii si ile chang'aa ya mtoni. Hili ni bomba la shaba, nimelizungusha ndani ya pipa la maji baridi. Yangu ni safi." Jamani, alitaka niombee mtambo!

Wewe unayewaza kama yeye, nisikilize. Kazi ya bomba ni kupoza mvuke urudi kuwa maji. Basi. Halichagui. Methanoli ikiwa kwa pipa, inachemka kwa nyuzi 65 hivi, inapita bombani na kudondoka chupani, nyeupe kama maji ya kisima. Jicho haliioni, lakini yenyewe inaweza kulipofusha. Na mwenye kuokota redieta kuukuu ya gari? Risasi iliyounganisha ile mirija inateremka na pombe.

Mnakumbuka Nairobi mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa. Utasema ile ilitiwa sumu. Sawa. Yako nani ameipima?

Usiniambie pia serikali iliruhusu 2010. Iliruhusu mwenye leseni, kwa chupa ya glasi. Haikuruhusu pipa la nyuma ya nyumba, karibu na watoto wanapolala.

Soma Habakuki 2:15, uone kama kuna mahali imeuliza bomba ni la shaba au la chuma.

Na ile pesa uliyoahidi ya mabati, kaa nayo. Jumapili tulinyeshewa, najua. Tutanyeshewa tena.