Foki mpya: anasa au haja?

Ikiwa unashiriki triathloni, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, huenda unaweka akiba ununue foki mpya ya kaboni, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kwa maoni yangu, ikiwa foki uliyo nayo ni nzima, usiinunue.

Foki nyepesi hupunguza gramu mia kadhaa tu. Katika kilomita 40 za baiskeli, kama zile za Olimpiki, kinachokuchelewesha zaidi ni upepo, na kinachokumbana zaidi na upepo huo ni mwili wako, wala si foki. Afadhali umlipe fundi akurekebishie kiti na usukani. Ganzi ya vidole na maumivu ya mgongo huenda pia yakapungua.

Lakini ikiwa umegonga kitu au umeanguka, foki ikaguliwe. Kaboni haipindi kama chuma. Yaweza kukatika ghafla, nawe ukaanguka kifudifudi. Ukiona ufa, badilisha foki mara moja bila kujali bei. Taya lililovunjika huchukua wiki sita hivi kupona.