Ziwa Bujuku na Maji ya Mtungini

Mtu akitajiwa ziwa, aghalabu hukumbuka joto, mitumbwi na samaki walioanikwa juani. Ziwa Bujuku ni la namna nyingine. Hilo ni ziwa dogo lililomo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Ruwenzori, magharibi ya Uganda, nalo liko juu yapata meta 3,900 kutoka usawa wa bahari. Ingawa ikweta haiko mbali, baridi ya usiku huko huweza kugandisha maji.

Wengi hudhani kuwa kila mlima mrefu wa Afrika Mashariki ulitokana na volkeno, kama Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ruwenzori sivyo. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Baadaye barafu nzito ya zama zilizopita ilichonga mabonde, na katika mojawapo ndimo lilimo ziwa hili, kati ya milima Stanley, Speke na Baker. Kilele cha Margherita, kilichoko Stanley, chafikia meta 5,109.

Kandokando ya ziwa pana vinamasi, na mimea laini inayonyonya maji kama sifongo. Humo husimama miti ya senesio, mirefu kuliko nyumba, ambayo majani yake makavu hayaanguki bali huufunika mti kama blanketi dhidi ya baridi.

Katika lugha ya Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, jina la Ruwenzori lahusiana na theluji. Lakini theluji hiyo yatoweka. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikadiriwa kuenea kilometa za eneo 6.5, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa 1.

Je, barafu ikiisha mito itakauka? Maji ya Bujuku huteremka kwa mto wa jina hilo hilo hadi kuingia mto Mubuku, ambao huendesha mitambo ya umeme na kumwaga maji yake katika Ziwa George. Wataalamu waliopima Mubuku chini ya mlima waliona kwamba maji ya barafu hayafikii hata sehemu 2 kwa 100. Yaliyobaki hutokana na mvua, hasa ile inyeshayo msituni. Kwa hiyo ghala la maji ni msitu na vinamasi, wala si kilele cheupe.

Mvua isiyopata kitu cha kuizuia hugeuka adui. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba, utokao katika milima hiyo hiyo, ulifurika ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe.

Barafu iliyokwisha yeyuka hakuna awezaye kuirudisha. Msitu, hata hivyo, waweza kulindwa: usikatwe ovyo, usichomwe moto, na kingo za mito zisilimwe hadi majini. Mama wa Kasese atekaye maji alfajiri huenda asilione Ziwa Bujuku maishani mwake. Hata hivyo, sehemu ya maji ya mtungi wake imeanzia kwenye miinuko hiyo yenye ukungu. Wahenga walisema akiba haiozi, na akiba hiyo yatunzwa mlimani.