Nani kasema umeme unakula pesa kuliko gesi?

Nimechoka na huu wimbo hapa Bumula: "Jiko la stima litamaliza tokeni." Jamani, nani amepiga hesabu?

Mtungi wa kilo 6 una nishati sawa na yuniti 77 hivi za umeme. Lakini karibu nusu ya moto wa gesi hupita kando ya sufuria. Jiko la indaksheni, lile linalopasha sufuria yenyewe kwa sumaku, hupoteza asilimia 15 tu hivi. Kazi ya mtungi mzima hulifanya kwa yuniti 45. Zidisha 45 kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni, kisha linganisha na bei ya kujaza gesi. Kwa maharagwe, presha kuka ya umeme ndiyo kiboko; gesi haioni ndani.

Ndiyo, sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi kwenye indaksheni, na hiyo ni gharama. Na stima kupotea saa ya ugali? Hilo ni kosa la laini, si la jiko. Tumeletewa nguzo, sasa tudai umeme usiokatika, badala ya kulaumu jiko.

Halafu fundi: jiko la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, asithubutu kuliunga kwenye waya wa taa.